Dakika Saba za Nyamizi Lubinza

Siisemi nchi yetu. Nchi yetu haina mambo kama haya, na kama inayo basi sikuyaona, na kama niliyaona nimeshayasahau. Nasema nchi nyingine, iko mbali huko. Jina lake nimeombwa nisilitaje, nami ni mtu wa kuombeka.

Nchi hiyo ina chuo kikuu kimoja, na chuo hicho kina Kongamano. Kila mwaka, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, wanafunzi wa shahada ya kwanza huonyesha tafiti zao na kazi zao za sanaa mbele ya mgeni rasmi. Mwaka ninaousema ulikuwa wa Kongamano la Saba, na kaulimbiu ilikuwa "Utafiti Wetu, Fahari ya Mgeni Wetu". Fulana zilichapwa. Kifuani kulikuwa na picha ya mgeni rasmi anawasili. Mgongoni kulikuwa na picha yake anaondoka.

Kanuni za Kongamano ni nyingi, ila mbili ndizo za kuzishika. Kanuni ya Kumi na Nne inasema: tokeo la utafiti ambalo halijatamkwa mbele ya mgeni rasmi ni uvumi, na mwenye kulisambaza atafungwa miezi sita. Kanuni ya Kumi na Tano inasema: tokeo ambalo mgeni rasmi amelipokea akiwa amesimama ni ukweli wa serikali, na mwenye kulipinga atafungwa miaka sita. Unaona wanavyoutunza ukweli wale watu. Wameuzungushia seng'enge pande zote.

Halafu kuna kakanuni kadogo, kameandikwa chini kabisa kwa wino hafifu: mwanafunzi asiyesimama Kongamanoni hahitimu.

Nyamizi Lubinza alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwa mara ya nne.

*

Utafiti wake ulihusu mahindi ya ghala la serikali la Luhamba, wilaya aliyozaliwa. Ghala hilo lilijengwa na watu wenye akili. Sherehe ya kupokea mahindi iliwekwa mwezi wa pili, kwa sababu Waziri alikuwa na nafasi mwezi wa pili. Sherehe ya kuezeka paa iliwekwa mwezi wa nne, kwa sababu Waziri alikuwa na nafasi mwezi wa nne. Mvua haikushirikishwa, ikanyesha mwezi wa tatu. Na kwa kuwa ile sherehe ya kuezeka ilipendeza mno, wakaamua iwe ya kila mwaka. Kwa hiyo kila mwaka mwezi wa kwanza bati huvuliwa, mwezi wa pili mahindi huingizwa, mwezi wa tatu hunyeshewa, mwezi wa nne bati hupigwa misumari kwa vigelegele, na mwezi wa sita wananchi hugawiwa chakula.

Nyamizi alichukua gunia moja katika kila kumi, akapima kwa vifaa vya maabara, akarudia mara tatu. Katika kila magunia kumi, saba yalikuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo haitoki hata upike kutwa. Mwaka wa kwanza wa utafiti wake Luhamba walikufa watu tisa, ikaandikwa homa ya tumbo. Mwaka uliofuata walikufa sita, ikaandikwa kula ovyo. Mwaka jana walikufa kumi na wanne, wengi wao watoto, ikaandikwa mapenzi ya Mungu. Majina yao ninayo. Siyaandiki hapa kwa sababu tunacheka.

Miaka mitatu aliwekwa kwenye ratiba, na miaka mitatu zamu yake haikufika. Kongamano la Nne muda uliishia kwenye keki, maana keki ilikuwa na umbo la jengo la utawala, na kila mkuu wa idara alitaka kukata ofisi yake mwenyewe. Kongamano la Tano mgeni rasmi alifika saa kumi na moja jioni, akasema anawahi. Kongamano la Sita alisimama kabisa, karatasi mkononi, akasema "Mheshimiwa mgeni rasmi," kisha mshereheshaji akakumbuka kwamba hawajapiga picha ya pamoja.

Safari hii alipewa dakika saba, saa nne na robo asubuhi, wa kwanza katika wanafunzi kumi na mmoja. Jumatatu yake ghala la Luhamba lingefunguliwa na magunia kugawiwa. Ijumaa hiyo akisema, yasingegawiwa. Asiposema, yangegawiwa, na yeye kama angefungua mdomo kijijini angefungwa kwa uvumi. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi hivyo.

*

Wiki moja kabla, aliitwa mbele ya Kamati ya Kulainisha Matokeo. Kazi ya kamati hii ni kuangalia utafiti usije ukamkwaruza mgeni. Mwenyekiti wake ni Katibu wa Kongamano, Daktari Pelagia Mwombeki, mama mwenye miwani ya mnyororo, na ndiye mtu pekee katika chuo kile anayesoma kila neno analoletewa. Mkumbuke huyu.

"Binti," akasema, "kichwa chako cha habari kinasema 'Sumu ya Ukungu katika Mahindi ya Ghala la Luhamba'. Hii 'sumu' ni ya lazima?"

"Daktari, ndiyo tokeo lenyewe."

"Tunaweza kusema changamoto."

"Changamoto haiui mtu, Daktari."

"Ndiyo uzuri wake." Akaandika. "Na 'ukungu' unatia huzuni. Wageni watakuwa wanasubiri chakula." Akaandika tena, akageuza karatasi. "Fursa za Ladha Mpya katika Mahindi ya Ghala la Luhamba. Unaona? Mambo ni yaleyale, ila sasa yana matumaini."

"Na pale ninaposema watu ishirini na tisa wamekufa?"

"Sema wamehitimisha matumizi."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alikuwa amelala, lakini na yeye kichwa chake kiliinama kwa wakati unaofaa, ikahesabiwa kura.

Nyamizi akakubali. Alikuwa na nia ya kusoma karatasi yao kwa macho na ya kwake kwa mdomo. Kosa lake ni moja tu: aliamini kwamba atafika kwenye kipaza sauti.

*

Ijumaa ikafika. Saa tatu asubuhi mabanda yalikuwa yamepambwa. Kazi za sanaa zilikuwa sita, zote sura ya Waziri: moja ya rangi, moja ya udongo, moja ya mbegu za maharage, mbili za uzi, na moja ya sabuni ambayo kwa jua lile ilikuwa inapoteza pua. Mshindi wa kwanza alikuwa amejulikana tangu Jumanne.

Nyuma ya hema la wapishi vikundi vya burudani vilikuwa vinavaa. Kimoja kilikuwa Kikundi cha Akina Mama Tumaini, kutoka Luhamba, kimeletwa na Mkuu wa Wilaya kumshukuru Waziri mapema kwa mahindi ya Jumatatu. Wanawake kumi na mmoja, kanga sare. Kiongozi wao, sauti ya kwanza na mtungaji wa nyimbo, alikuwa Kabula, mama yake Nyamizi.

"Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Huko wanawalisha karatasi?"

"Mama, Jumatatu usichukue yale mahindi."

"Kwa nini?"

Nyamizi akatazama huku na huku. Askari wa chuo alikuwa hatua tano tu, anamsindikiza kuku wa pilau kwa macho. "Siruhusiwi kusema, mama. Mpaka nisome mbele ya mgeni. Kabla ya hapo ni uvumi, ni miezi sita."

Kabula akafunga kibwebwe kiunoni, hana haraka. "Mazoezi je? Mazoezi wanafunga?"

"Mazoezi ni ruhusa."

"Basi fanya mazoezi yako. Mimi najifunga kanga, hata sikusikii."

Nyamizi akasoma dakika zake saba zote, kwa karatasi ya kwake, sio ya kamati. Akasoma gunia saba katika kumi. Akasoma msisage, msipike, hata kuku msiwatupie. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wanajifunga kanga, na katika maisha yangu sijasikia kanga zilizochukua muda mrefu namna ile kufungwa. Wawili kati yao walikuwa wamezika mwaka jana.

Alipomaliza, kanga zote zikafungika mara moja.

"Kwa hiyo haikuwa mapenzi ya Mungu," akasema mmoja, Mama Shija, aliyekuwa amezika wawili.

"Na huyo mgeni akisikia?" Kabula akauliza.

"Akipokea huku amesimama, inakuwa ya serikali. Hapingi mtu."

"Akiwa amesimama."

"Ndiyo, mama. Akisimama tu."

"Haya, kimbia ukapange foleni," Kabula akasema. "Zamu yako isije ikapita."

*

Waziri wa Chakula na Mapokezi, Mheshimiwa Bonaventura Sekiete, alifika saa saba mchana. Ukaanza utambulisho.

Katika nchi hiyo mgeni hatambulishwi akakaa. Akishatambulishwa hupewa kipaza sauti naye awatambulishe alioongozana nao, nao wawatambulishe wa kwao, na kila mmoja huanza kwa kusema itifaki imezingatiwa, kisha anaizingatia upya kuanzia juu. Makamu Mkuu wa Chuo aliwatambulisha manaibu wake wanne. Naibu wa tatu alimtambulisha mkewe, ambaye hakuja. Saa nane na nusu Mkuu wa Wilaya ya Luhamba alimtambulisha dereva wake, na dereva, kwa unyenyekevu mkubwa, akamtambulisha fundi aliyemzibia pancha njiani. Fundi akapunga mkono. Alipigiwa makofi kuliko profesa yeyote, na kusema kweli alistahili.

Saa tisa na dakika kumi Waziri akasimama kuhutubia.

"Utafiti!" akasema. "Ndugu zangu, utafiti ni nini? Ni kutafuta. Na kutafuta ni nini? Ni kutafuta jambo. Sasa mnahangaika nini, vijana? Jambo lenyewe ninalo mimi." Makofi. "Nimeambiwa hapa kuna kijana amefanya utafiti kuhusu mahindi ya Luhamba, kagundua ladha mpya. Hongera zake! Ghala lile nalifahamu. Nimeliezeka kwa mkono wangu huu mara nne. Nitajieni nchi nyingine ambayo Waziri ameezeka ghala moja mara nne!"

Hakuna aliyeweza kuitaja.

Akahutubia saa moja na nusu. Nyuma ya jukwaa, katika njia nyembamba kati ya jenereta na kreti za soda, wanafunzi kumi na mmoja walisimama kwa mstari na karatasi zao, suti zimelowa jasho. Wa mbele alikuwa Nyamizi. Nyuma yake alisimama Gerwas, jitu refu la mwaka wa tatu kwa mara ya sita, ambaye mwanawe wa kwanza alikuwa anaanza kidato cha kwanza.

Hotuba ilipokwisha, Daktari Mwombeki akaja na ratiba imekunjwa.

"Vijana, poleni. Muda umetubana. Makamu Mkuu atawasilisha kwa niaba yenu."

"Atawasilisha nini, Daktari?" Nyamizi akauliza. "Hajausoma."

"Muhtasari."

Jukwaani Makamu Mkuu alikuwa ameshaanza: "Mheshimiwa mgeni rasmi, wanafunzi wetu kumi na mmoja wamefanya tafiti kumi na moja. Zote zimefaulu. Ahsante." Akaketi.

"Daktari, naomba dakika moja. Moja tu. Nitasema sentensi mbili."

"Binti, dakika ni za wageni. Wewe ni mwenyeji." Akamshika bega, na nadhani hata alimwonea huruma, watu wa aina yake huwa na huruma nyingi, hawana pa kuitumia. "Kongamano la Nane utakuwa wa kwanza. Nakuandika mwenyewe."

"Jumatatu wanagawa, Daktari. Wewe uliisoma yote. Unajua."

Daktari Mwombeki akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nilichosoma ni fursa za ladha," akasema.

Askari wawili wakaziba njia. Nyamizi akakaa juu ya kreti ya soda, akafunika uso kwa karatasi yake. Kwenye vipaza sauti mshereheshaji akapaza: "Na sasa, kabla ya chakula, akina mama wa Luhambaaa!"

*

Burudani haibanwi na muda katika nchi hiyo. Wakaingia kwa mwendo wa mabega, ngoma mbili, filimbi moja. Redio ya serikali ilikuwa inarusha moja kwa moja. Kabula akatangulia na wenzake wakaitikia:

Mgeni karibu kwetu, ghala watufungulia,
*Pokea, baba, pokea!*
Mahindi yamelowana, ukungu umeingia,
*Pokea, baba, pokea!*

Kufika "ukungu" Waziri alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa raha. Katika maisha yake ya uongozi hajawahi kusikia maneno ya wimbo. Husikia mdundo na cheo chake.

Gunia saba kwa kumi, sumu imejikalia,
*Pokea, baba, pokea!*
Msisage msipike, kuku msije tupia,
*Pokea, baba, pokea!*

Waziri akasimama.

Na waziri akisimama kucheza, meza kuu yote husimama, maana anayebaki ameketi ana lake jambo. Akasimama Makamu Mkuu na manaibu wake wanne. Akasimama Mkuu wa Wilaya, na dereva, na yule fundi wa pancha. Wakatoka mstari mmoja nyuma ya Waziri, viuno vinazunguka, wakaenda kuwatunza waimbaji. Waziri akambandika Kabula noti kwenye paji la uso katikati kabisa ya neno "sumu".

Mtu mmoja tu alikuwa amesikia. Daktari Mwombeki alikuwa anacheza, ilimbidi acheze, lakini uso ulikuwa wa mtu anayeng'olewa jino. Akamwashiria fundi mitambo, mkono juu na chini, juu na chini: zima, zima. Fundi akaona Katibu amekolea. Akaongeza sauti.

"Rudieni!" Waziri akapiga kelele. "Rudieni hiyo!"

Wakarudia mara tatu. Mara ya pili Mama Shija akaongeza ubeti wake, wenye majina mawili tu, ya watoto. Waziri akautunza na huo.

Nyuma ya jukwaa Nyamizi alikuwa amesimama juu ya kreti, karatasi imeanguka, mdomo wazi. Gerwas alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Dakika kumi na nne," akasema. "Dada, umepewa mara mbili."

Mwisho Waziri akachukua kipaza sauti, anahema, jasho linamtiririka kwenye tai. "Akina mama, mmeniambia nipokee. Mbele ya taifa zima, nasema: nimepokea! Nimepokea yote!"

*

Jumamosi chuo kilikaa kikao cha dharura. Mkuu wa Wilaya alitaka wanawake wakamatwe kwa uvumi. Daktari Mwombeki akawasomea kanuni kwa sauti ndogo. Kama ule ni uvumi, basi Waziri ameucheza, ameutunza na kuurudisha mara tatu redioni, na miezi sita ni yake kwanza. Kama sio uvumi, basi ameupokea akiwa amesimama. Wajumbe wakatazamana. Yule mlalaji akaamka, akauliza kama kuna chai.

Ikaamuliwa kwamba ni ukweli wa serikali, usiopingwa wala kutangazwa. Likabaki suala la nani alifanya utafiti. Kanuni iko wazi: ni wa aliyeutamka mbele ya mgeni rasmi. Hivyo Kikundi cha Akina Mama Tumaini kikatunukiwa, kwa pamoja, Shahada ya Kwanza ya Sayansi, daraja la pili la juu. Wangepata daraja la kwanza, ila walizidisha muda.

Nyamizi Lubinza akaandikiwa barua kwamba hakusimama Kongamanoni. Amekaribishwa mwaka wa tatu.

Jumatatu Waziri akaenda Luhamba, akakata utepe. Milango ya ghala ikafunguliwa, mizani ikawekwa, makarani wakakaa na daftari zao. Hakuja mtu. Hata kuku hakupita. Redioni wilaya nzima iliusikia ule wimbo, na watoto walikuwa wanaurukia kamba. Makarani wakakaa mpaka saa kumi, wakapiga miayo, wakafunga. Usiku ule na nyingi zilizofuata Luhamba walikula viazi vilivyokaushwa, tena kwa kupimiana, na wapo waliolala na njaa. Lakini mwaka ule hakuzikwa mtu kwa ugali.

Ripoti iliyokwenda makao makuu ninayo nakala yake. Ina mstari mmoja: "Wananchi wameshiba, mradi umefanikiwa, tunaomba kuvua bati."

*

Jumatano asubuhi Kabula na binti yake walikuwa uani wanakata viazi. Shahada ilikuwa imening'inizwa jikoni, imeshaanza kula moshi.

"Mama msomi," Nyamizi akasema, "kisu chako butu."

"Nyamaza wewe, mwaka wa tatu."

Wakasikia hodi. Walikuwa watu kumi, suti zilezile za Ijumaa, vumbi mpaka magotini, kila mmoja na karatasi zake kwapani. Mbele yao alikuwa Gerwas. Akaamkia, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaipapasa karatasi yake.

"Mama, tumekuja kwa mtungaji."

Kabula akawatazama mmoja mmoja. Akaweka kisu chini. "Wewe wako unahusu nini?"

"Daraja jipya la Mto Simbiti, mama. Nguzo mbili za kati hazijafika kwenye mwamba. Zimesimama kwenye tope."

"Linazinduliwa lini?"

"Mwezi wa kumi. Mheshimiwa mwenyewe, na msafara wa magari arobaini. Burudani ni kabla ya kuvuka."

Kabula akafikiri, midomo inacheza kidogo, kidole kinapiga ukingo wa beseni.

"Nyamizi, kaite wenzangu. Wewe utakuwa sauti ya pili."

"Mama, sauti yangu mbaya."

"Utaimba hivyohivyo." Akamgeukia Gerwas. "Haya, baba, soma. Polepole, mimi nakata viazi. Na ninyi wengine mnaitikia. Semeni: *Pita, baba, pita!*"